Mwaka Nilipomwondoa Mwenyekiti kwa Kiingereza

Mwezi uliopita Mchungaji Wambura alipanda Lushoto kuja kuniaga. Hakusema hivyo, alisema amekuja kumwonyesha mjukuu wake milima. Lakini mtu wa umri wake, anayeshikwa mkono ili apande ngazi mbili za baraza langu, hasafiri kutoka ziwani mpaka huku kwa ajili ya kutazama milima. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti yake ile ile nzito, na kabla hata hajakaa akamgeukia mjukuu wake, binti wa chuo mwenye simu mkononi, akamwambia, "Mtazame vizuri bibi huyu. Ndiye aliyempindua mwenyekiti wetu." Yule binti alinitazama nilivyokaa na kanga yangu na soksi za sufu, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayedhani babu yake ameanza kuchanganya mambo. Wambura akacheka mpaka akafuta machozi. Tulikunywa chai ya maziwa, tukala magimbi, na walipoondoka nilibaki pale pale nikijiuliza ni nani mwingine aliye hai kati yetu tuliokuwa ndani ya ule ukumbi. Nilimpata Wambura na mimi, basi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa karani wa mapokezi katika hospitali ya misheni kule Bumbuli, na kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kuandika majina ya wagonjwa. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma Kiingereza zaidi kidogo kuliko wenzangu, nusu ya siku nilisimama kati ya daktari mgeni na bibi fulani wa kutoka Mponde asiyejua hata Kiswahili. Bibi anasema kwa Kishambaa, mimi nasema kwa Kiingereza, daktari anauliza, narudisha kwa Kishambaa. Kiingereza changu kwa hiyo kilikuwa Kiingereza cha mwili. Nilijua kifua, mkojo, tangu lini, inauma nikibonyeza hapa. Nilijua vua shati, panda kwenye mizani, shuka kwenye mizani. Kiingereza cha mikutano sikukijua, na sikujua kwamba sikukijua, jambo ambalo ni baya zaidi.

Wamenoniti nilikuwa sijawahi kuwaona. Kwetu milimani tulikuwa Walutheri, Wakatoliki wachache, na majirani zetu wengi Waislamu. Wamenoniti kwao ni ziwani, upande wa Mara. Mwaka ule walikuwa wanaandaa Mkutano Mkuu wao. Azimio lilikuwa bado bichi midomoni mwa watu, kila mtu akizungumzia kujitegemea, na wao pia walitaka kanisa lao liwe mikononi mwa wenyeji kwelikweli na si kwa jina tu. Walishindwa kukubaliana wakutane wapi. Waliotoka kaskazini ya Mto Mara walitaka kwao, wa kusini walitaka kwao, mpaka mmoja akasema afadhali waende mahali ambapo wote watakuwa wageni. Ndipo wakaomba kituo cha Walutheri kilicho mlimani juu ya mji wa Lushoto: semina mbili za viongozi kwanza, moja baada ya Pasaka na moja mwezi wa saba, kisha Mkutano Mkuu wenyewe Desemba. Walimleta mwalimu kutoka Kanada, Bwana Harold, mtu mrefu asiyejua Kiswahili zaidi ya "asante sana", na mchungaji aliyekuwa amfasirie akashikwa na malaria siku mbili kabla ya safari. Wakauliza huku na huku nani anajua Kiingereza. Mchungaji wetu akanitaja mimi. Nikapewa ruhusa kazini, nikafunga sanduku, nikaenda nikiwa na furaha ya kijinga kama mtu anayekwenda harusini.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Wageni walifika wamelowa, safari ya siku tatu kwa meli na treni na lori, na jambo la kwanza walilouliza lilikuwa kama baridi ile ni ya kila siku. Walikuwa kama watu sitini, wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, na kati yao wanawake saba. Nilipangwa chumba kimoja na mkubwa wa hao wanawake, Mama Perusi, aliyeongoza akina mama wa kanisa lao lote. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye pengo la meno mbele, na katika kikapu chake alikuwa na mfuko wa dagaa uliotia harufu ya ziwa zima mle chumbani. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya chuma na dirisha dogo lililotazama mikaratusi. Ukungu ulipoingia dirishani asubuhi ya kwanza aliniamsha akiuliza kama jikoni kunaungua. Nilimwambia ni wingu, mama. Akakaa kitandani akalitazama lile wingu likipita juu ya blanketi lake, akasema kwamba hili akiwasimulia kwao hakuna atakayemwamini.

Chakula kilipikwa na Mama Zuhura, jirani wa kituo, Mwislamu, aliyewapikia wageni wa kanisa miaka yote na kuwajua wachungaji kwa matumbo yao. Aliwapa makande, viazi, kabichi, maziwa ya kutoka Kwai, na plamsi, matunda ya kwetu milimani, kwenye bakuli kubwa. Wageni walikula kwa shukrani siku mbili. Siku ya tatu mzee mmoja akauliza kwa upole kama huku milimani watu huwa wanakula chakula pia. Mama Zuhura akacheka, akaagiza unga wa muhogo sokoni, akawasongea bada. Mama Perusi akatoa dagaa wake. Na ukumbi wa chakula ukanyamaza kabisa, ikawa sauti ya vidole na sahani tu.

Ukumbi wa mikutano ulikuwa jengo la mawe la tangu enzi za Wajerumani, lenye sakafu ya mbao iliyolia kila mtu alipohamisha mguu. Nilipita hapo mwaka juzi. Wameweka vigae na viti vya plastiki, na sauti imekufa. Wakati ule ukisimama mbele na kusema neno, mbao zilikurudishia. Asubuhi ya kwanza niliposimama kando ya Bwana Harold, nikiwa na sketi yangu ya kazini na viatu vya kuazima, nilipima kwa macho umbali wa mlango. Lakini alipotoa sentensi ya kwanza nami nikaitoa kwa Kiswahili, nikaona vichwa sitini vikitikisika kukubali, nilisahau mlango uko wapi. Hospitalini nilitafsiri maumivu ya mtu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Hapa nilikuwa natafsiri mawazo, na watu wazima wenye mvi walikuwa wanaandika ninachosema. Siku mbili nilitembea kama sikanyagi chini. Nilikuwa nikilala mapema ili kukuche upesi.

Kosa lilitokea siku ya tatu, saa nne asubuhi. Somo lilikuwa uongozi wa utumishi. Mwenyekiti wa kanisa lao, Mzee Zefania, alikaa safu ya mbele, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote kwa sababu ya baridi. Alikuwa ameongoza tangu wamisionari walipokabidhi, na kabla ya hapo alikuwa msaidizi wao miaka mingi. Bwana Harold akasema kwamba kiongozi mzuri anajulikana kwa jambo moja gumu, nalo ni kujua wakati wa kushuka. Hivyo ndivyo nilivyomsikia. Yalikuwa maneno yale yale mawili ya Kiingereza ambayo daktari wetu aliwaambia wagonjwa walipomaliza kupimwa uzito: shuka chini. Nikajua mara moja maana yake kwa kiongozi. Kiongozi ashuke, yaani ajinyenyekeze. Nikasema kwa sauti, "Kiongozi mzuri anajua kujishusha." Ukumbi mzima ukaitika amina. Bwana Harold akafurahi sana, nadhani hakutegemea somo lile lipokelewe hivyo. Akauliza kama kuna hata mmoja mle ndani aliye tayari kufanya jambo hilo. Nikauliza nani yuko tayari kujishusha. Mzee Zefania akasimama pole pole, sakafu ikalia, akasema, "Mimi niko tayari kujishusha, hata leo." Nami nikamrudishia Bwana Harold kwa maneno yale yale mawili.

Yule mzungu aliweka Biblia yake mezani. Kisha akashuka jukwaani, akamshika Mzee Zefania mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa na machozi. Watu wakapiga makofi. Mzee naye alionekana kuguswa, ingawa baadaye aliniambia alishangaa kidogo kuona mtu analizwa na unyenyekevu wa kawaida. Tukaimba wimbo mmoja, tukaenda kunywa chai.

Wakati wa chai niliona Bwana Harold amesimama dirishani na Mchungaji Wambura. Wambura alikuwa kijana kati ya wachungaji, labda miaka thelathini na mitano, mwenye suti nzuri kuliko wote, na alijua Kiingereza cha kusoma magazeti. Sikujali. Nilikuwa najimiminia chai yangu nikijisifu moyoni. Lakini baadaye nilipokwenda kuchukua chaki katika stoo ya koridoni, nilimsikia Wambura nje ya mlango akimwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu anayejizuia asiseme haraka, kwamba Mzee ameachia kiti mbele ya mashahidi, na kwamba Kiswahili kilisemwa kwa mafumbo lakini kwa Kiingereza imetamkwa wazi. Mwenzake akauliza nani atakaa mpaka Desemba. Wambura akasema hilo ndilo wanalopaswa kulizungumza, na upande wa kusini wasipojipanga watachelewa. Akataja majina ya watu wa kuzungumza nao kabla ya chakula cha mchana. Nilisimama mle stoo na boksi la chaki mkononi, sielewi. Nilidhani labda kuna kikao kilichofanyika bila mimi.

Nilielewa saa saba. Bwana Harold aliniita pembeni ya ukumbi wa chakula, akanipa karatasi iliyokunjwa, akaniomba nishuke mjini kupeleka simu ya maandishi kwa kanisa lake Kanada kabla posta haijafungwa. Nikaifungua ili nihesabu maneno, kwa kuwa posta walitoza kwa neno. Nikaona jina la Mzee Zefania na maneno yale mawili, "step down". Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha hospitali, maneno haya yana maana gani hasa. Akanitazama kwa mshangao, akanieleza taratibu kama mwalimu: mtu yuko kwenye kiti, anaondoka kwenye kiti, mwingine anakaa. Akaonyesha kwa kusimama na kunionyesha kiti chake kitupu.

Miaka mingi nimejaribu kumweleza mtu jinsi kile kiti kilivyonitisha. Kilikuwa kiti cha mbao tu, na mto wa kitambaa cha maua. Nilijua mara moja makofi yalikuwa ya nini, machozi yalikuwa ya nini, na koridoni walikuwa wanazungumza nini. Wenye Kiingereza mle ndani walijua kwamba Mzee Zefania ameacha uongozi, na asiyejua ni Mzee Zefania mwenyewe. Nilitoka nje na ile karatasi. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, na njia ya posta iliteremka mbele yangu, nyekundu, ikichuruzika maji. Nilifikiri mambo ambayo leo sioni haya kuyasema. Nilifikiri niende posta, nirudi, ninyamaze. Semina ingekwisha kesho kutwa, nami ningekuwa Bumbuli wakati watakapogombana kwao ziwani, mbali kabisa na mimi. Nilifikiri pia kwamba nikisema, sitasimama tena mbele ya watu maisha yangu yote, na hilo, nikisema kweli, ndilo lililoniuma kuliko kiti cha yule mzee. Nilikuwa nimeionja ile kazi siku tatu tu.

Nilimkuta Mzee Zefania jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Mama Zuhura karibu na moto, viatu vyake vimeegemezwa kwenye mafiga vikauke, akimenya viazi. Alikuwa anamenya vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia hakuniona mezani, je, naumwa? Nikapiga magoti palepale sakafuni nikamweleza yote, mizani, daktari, maneno mawili, karatasi ya posta. Mama Zuhura alikuwa ameacha kukoroga chungu anasikiliza. Mzee hakunikatiza. Nilipomaliza, aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo tangu saa nne mimi si mwenyekiti?"

"Kwa Kiingereza, baba," nikasema. "Kwa Kiswahili bado ni mwenyekiti."

Sikukusudia kuchekesha. Alianza kwa kutikisika mabega, kisha akacheka mpaka akakohoa, na Mama Zuhura akampa maji. Alipotulia, alitazama moto. Akauliza kama wapo waliokielewa kile Kiingereza. Nikasema wapo. Nikafungua kinywa kusema tena, akainua mkono wenye maganda ya viazi.

"Sitaki majina. Nimeuliza jambo moja tu. Waliosikia kwamba nimeondoka, walisikitika?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa mzee, miguu mitupu, mbali na kwake. "Hapana, baba," nikasema. "Hawakusikitika."

Viazi vilivyokuwa motoni vikaanza kufurika, na Mama Zuhura akaepua kifuniko polepole. Kisha akaniambia kwamba angeweza kusimama yeye alasiri na kulirekebisha, ingekuwa rahisi, lakini angekuwa amenivunja. Kosa langu nililisema kwa sauti, akasema, na kulitengua nitengue kwa sauti, mimi mwenyewe. La kwake atalisema yeye. Sikujua la kwake ni lipi. Akachukua ile karatasi ya posta mkononi mwangu, akayatazama maandishi yake asiyoyaelewa, akanirudishia, akaniambia nimpelekee mwenyewe Bwana Harold na kumweleza kabla ya kikao, maana si vizuri mgeni aaibike mbele ya watu.

Bwana Harold aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Aliichana ile karatasi vipande vidogo. Kisha akaniomba radhi yeye, jambo ambalo lilinishangaza, akisema alipaswa kuuliza mara mbili jambo kubwa namna ile.

Saa tisa nilisimama. Nilisema kwa Kiswahili kwamba asubuhi nilikosea kutafsiri, nikaeleza Bwana Harold alisema nini na mimi nikasema nini, na Mzee alisema nini na mimi nikamfanya aseme nini. Halafu, kwa kuwa mgeni alikuwepo na kazi yangu ilikuwa hiyo, nikatafsiri aibu yangu mwenyewe kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwenye mizani ya wagonjwa kuna mtu nyuma alicheka, na wengine wakamfuata, na nikaona Wambura hacheki. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mchungaji mmoja mwenye miwani akasimama akasema bila ukali kwamba haya ndiyo yanayotokea kazi ya wachungaji ikipewa binti, na si wa kanisa letu, na kwamba kwa siku zilizobaki ni heri tusome Biblia wenyewe tukimngoja mfasiri wetu apone. Wengine wakaguna kukubali. Nilianza kukusanya karatasi zangu. Ndipo Mama Perusi akasimama, na alipofanya hivyo mbao zote za safu yake zililia.

"Ninauliza tu," akasema. "Humu ndani ni nani mwingine aliyewahi kukosea, akaja kusema kabla hajakamatwa?"

Akangoja jibu kwa kweli, akitazama safu moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeuliza nani ana njaa. Akakaa. Baada yake akasimama Mzee Zefania, na nikarudi mahali pangu kando ya Bwana Harold, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisirudi. Alisema kwamba asubuhi alisimama akasema yuko tayari kujishusha, na alilisema kwa wepesi kwa kuwa ni neno linalopendeza mbele ya wageni na haligharimu kitu. Lingekuwa lile neno lingine, asingelisema. "Hilo ndilo limenisumbua tangu mchana," akasema. "Nimeketi jikoni nikijiuliza kwa nini moja naliweza na lingine siliwezi. Nipeni mpaka Desemba." Nilitafsiri bila kukosea hata neno. Sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyelia, lakini ilifika mpaka nyuma.

Kutoka siku ile Bwana Harold na mimi tulikutana kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa. Alinipa maneno ya mikutano, nami niliyaandika kwenye daftari la hospitali: hoja, akidi, kupiga kura, kukasimu. Aliporudi mwezi wa saba, wageni wakiwa wamejifunga mablanketi juu ya makoti na pumzi zikitoka midomoni kama moshi, wale wa ziwani waliniita tena mimi, ingawa mchungaji wao alikuwa amepona. Yeye mwenyewe alikuja, akakaa safu ya mbele siku nzima akinisikiliza, na mwishoni akasema aendelee binti, yeye kifua chake hakiwezi baridi. Ile ilikuwa semina ngumu. Afisa wa serikali alikuja kueleza vijiji vya ujamaa, na wakabishana siku mbili kama mashamba ya kanisa yaingizwe kijijini au yabaki ya kanisa, watu wakisimama wanne kwa pamoja, na Bwana Harold akinivuta mkono aelezwe nani anasema nini. Nilirudi chumbani nikiwa sina sauti, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba Mama Perusi alinikanya nisirukeruke kwenye kitanda cha watu. Yeye alikuwa na hesabu zake. Mwaka wote alikuwa akiwaomba waruhusu wanawake wapige kura, akimkamata kila mchungaji peke yake, mezani, njiani, mlangoni mwa choo.

Wambura alinijia siku moja mwezi huo huo wa saba, nikianika nguo nyuma ya jengo. Alisimama upande wa pili wa kamba. Akauliza kama siku ile nilikuwa ndani ya stoo. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini sikumtaja. Nikamwambia Mzee hakutaka majina. Alifikiri kidogo, akachukua shuka iliyolowa upande mmoja, nami nikashika mwingine, tukaikamua pamoja, akaenda zake. Mpaka leo hatujalizungumza zaidi ya hapo, na sidhani kuna la kuongeza.

Desemba walikuja watu mara tatu ya wale wa masika. Walilala madarasani, makanisani, kwenye nyumba za majirani. Mama Zuhura aliwaita dada zake wote, na jikoni kukawa na vyungu tisa. Siku ya kwanza ya Mkutano Mkuu walikubali wanawake wapige kura, na Mama Perusi alitoa leso akajifuta uso. Siku ya pili Mzee Zefania alijiuzulu. Alilisema neno lenyewe, na akaeleza sababu moja tu, kwamba tangu masika amelala na kuamka akitafuta sababu ya kubaki isiyokuwa kuogopa kuondoka, na hakuipata. Wapo waliolia, na niliona kwamba yule mchungaji mwenye miwani alikuwa mmoja wao. Kisha wakapiga kura, na aliyechaguliwa alikuwa Mchungaji Wambura.

Nilikasirika. Nilikuwa kijana, nilitaka mambo yaishe kwa haki ninayoielewa mimi. Nilimwambia Mama Perusi kwamba mtu yule alikitamani kile kiti, nami najua. Akanijibu kwamba na yeye anajua, kila mtu anajua, na kwamba amempigia kura. Ninakiri hapa kwamba hakukosea. Wambura aliongoza vizuri miaka mingi, aliwasomesha watu, alipatanisha pande mbili za mto, na Mzee Zefania alipougua ndiye aliyemuuguza nyumbani kwake mwenyewe mpaka mwisho.

Siku ya mwisho ilikuwa ya kutawadhana miguu. Ni desturi yao kabla ya meza ya Bwana, na Walutheri hatuna. Wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, wawili wawili, na mabeseni yakaletwa. Mama Zuhura ndiye aliyepasha maji; alisema yeye hutawadha mara tano kwa siku na anayajua maji ya Lushoto, yasije yakawaua watu wa joto bure. Nilisimama ukutani nitazame. Hesabu ya wanawake haikugawanyika kwa wawili, akabaki Mama Perusi peke yake na beseni, na akanionyesha benchi kwa kidevu. Nikamnong'oneza kwamba mimi si Mmenoniti. Akasema hilo amelijua tangu Pasaka, nivue viatu. Alinisugua miguu kama mama anayemwogesha mtoto aliyetoka kwenye matope, mpaka kati ya vidole, kisha tukabadilishana. Nyayo zake zilikuwa ngumu na zenye mipasuko. Ng'ambo niliwaona Mzee Zefania na Wambura wakigombea beseni, kila mmoja anataka kuanza kupiga magoti, mpaka likamwagika, na watu wakacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Kabla hawajaondoka Wambura aliniita. Alisema kanisa lao lina barua, vitabu na wageni, na halina mtu wa kusimama katikati. Mwaka mmoja, akasema, kisha nitaona. Niliandika barua ya kuacha kazi asubuhi ile ile, na niliiandika mara tatu. Mwaka mmoja ukawa kumi na tisa, lakini hiyo ni habari nyingine. Ninachokikumbuka ni asubuhi tuliyoteremka. Gari liliinama kwenye kona, korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine, maporomoko ya Soni yamejaa, na kila kona hewa ikazidi kuwa nzito na ya moto, mpaka nikavua sweta, kisha soksi. Stesheni ya Mombo tulikaa juu ya masanduku kungoja treni, jua likituwakia. Mama Perusi alikuwa akinifundisha majina ya samaki. Mwanamke mmoja mwenye sinia la machungwa alisimama mbele yetu, akatuamkia, akatazama mizigo yetu mingi, akauliza tunatoka wapi.

"Ziwani," nikamwambia. "Tunakwenda ziwani."

Alikuwa ameuliza jingine, nami nilimsikia vizuri. Akanichagulia chungwa kubwa.